Mipira ya Gari la Baba

Kuna uchafu usiotoka kwa sabuni, nao ni wa mpira wa kuiga unapoanza kuoza. Mpira wa zamani ulikuwa ukikauka pole pole, ukapasuka, ukakupa muda wa kujiandaa. Huu wa siku hizi unayeyuka. Asubuhi unaugusa ni imara, mchana jua likishaupiga unavutika kama ulimbo, jioni umekuachia vidoleni utelezi mweusi wenye harufu ya kiatu kilicholala na maji. Nimeishi na harufu hiyo miaka mingi kwa sababu ya gari la marehemu baba, na sitadanganya kwamba nimeizoea. Inanichefua leo kama ilivyonichefua siku ya kwanza.

Gari lenyewe ni jeupe, refu, la chini, la Kifaransa, la enzi ambapo fundi wa reli aliweza kununua gari na watoto bado wakala. Baba alifanya kazi karakana ya reli hapa Lubumbashi mpaka mishahara ilipokwisha. Alipofariki, funguo zilikuja kwangu mimi binti, si kwa kaka yangu mkubwa, kwa sababu moja tu: mimi ndiye niliyekubali kuchafuka. Kaka amejenga Ruashi na anapitisha mizigo ya watu forodhani Kasumbalesa. Yeye anashika kalamu na simu. Mimi nafundisha shule ya msingi, na Jumamosi nalala chini ya gari.

Vya kweli vilivyobaki humo ni bati, injini na viti. Vingine vyote ni vya kuiga: usukani, mipira ya milango, bomba za petroli, taa, na vile vikombe vidogo vya mpira vinavyokaa ndani ya magurudumu kusukuma breki. Watu hudhani ukishanunua kipuri kipya umepumzika. Wapi. Kipuri cha kuiga ni kama mgeni mgonjwa, kila siku kinataka kitu. Mipira ya milango lazima niifute kwa kitambaa chenye maji, niikaushe, kisha niipake poda ya mtoto, la sivyo mlango unaganda na ukiuvuta kwa nguvu mpira unabaki umening'inia kama utumbo. Usukani nimeuzungushia vitambaa vya pamba kwa sababu unatoa jasho. Ndiyo, jasho, tena jeusi. Ukipanda gari letu unakutana na poda juu na uozo chini, kama mtu aliyekataa kuoga akaona ajipake poda tu. La kuvunda halina ubani, walisema wazee, na mimi nalifukizia kila wiki.

Ningeliacha zamani. Lakini mama alivunjika nyonga, na mguu wake wa kushoto haupandi juu. Magari ya jeep ya siku hizi, hilo la kaka likiwa mbele, yana ngazi kama nyumba ya ghorofa. Taksi za mjini zinawabana watu wanne nyuma, na mama hawezi kukunjwa. Gari la baba mlango wake ni mpana na kiti kiko chini: mama anageuka, anakaa, anaingiza mguu mmoja, kisha mwingine, basi. Kila Jumapili nilimpeleka misa, na baada ya misa nilimpeleka Ruashi kwa mdogo wake, mama yetu mdogo, ambaye alikuwa hainuki kitandani. Walitoka kaskazini pamoja wakiwa wasichana, wakaolewa na wafanyakazi wa reli wawili, wakafiwa na waume wawili. Mama alikuwa anamchana nywele, wanagombana kuhusu chumvi ya samaki, wanacheka, jioni narudi naye. Bila gari lile hawakuwa na njia ya kuonana.

Kwa hiyo nilikuwa naenda sokoni. Wauza vipuri wetu wana neno moja ninalolichukia. Neno hilo ni origine. Zamani lilikuwa na maana ya kitu kilichotoka kwa yule aliyekitengeneza kwanza. Siku hizi ni kama kusema habari za asubuhi. Muuzaji wangu, mwanamume mnene mwenye adabu nyingi, aliniwekea vikombe vya breki juu ya meza, vimefungwa kwenye nailoni inayong'aa.

"Mama, iyi iko origine."

"Origine ya wapi?"

"Origine ya Dubai. Lakini iko origine ya kwanza na origine ya pili. Iyi ni ya pili, njo bantu bote banapendaka."

Nilimwambia watu wote waipende wasiipende, kitu cha kwanza hakina cha pili, ndiyo maana kinaitwa cha kwanza. Alicheka, akanifungia. Hakuna cha kubishana naye, maana soko zima linaongea vile, na mimi mwenyewe nilishindwa kupata cha kweli tangu miaka ile baba yupo. Nikalipa nikiwa nimekunja uso. Nilijua nauziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi niliyeanza kusikia harufu yake.

Baba hakuchukia vya kuiga. Hilo naliandika kwa sababu kaka hupenda kusema eti baba angelia akiona gari lake leo. Uongo. Karakanani baba mwenyewe alikuwa anachonga bushi na pini za kuiga, kwa sababu za kutoka Ulaya zilikuwa hazifiki. Tofauti ni kwamba kila alichochonga alikipiga alama ya msumari, kitone kimoja pembeni, ili fundi atakayekuja baadaye ajue hiki si cha kiwandani, akichunguze mara mbili. Alisema kuiga si dhambi, dhambi ni kunyamaza. Na mpira wowote aliununua kwa jozi. Mmoja aliutumbukiza kwenye gilasi ya likidi ya breki, mwingine aliuacha kavu, baada ya siku kadhaa anailinganisha. Uliovimba ni wa kutupa. Nami nikaendelea vile vile. Dirishani kwetu jikoni hapakosi gilasi yenye mpira unaoogelea, na wifi yangu akija kutusalimu hakubali hata maji ya kunywa.

Basi kaka akawa anaozesha binti yake. Gari ambalo alikuwa analiita kopo la sardini, sasa likawa gari la heshima. Alikuja na soda na biskuti za mama, akaeleza kwamba mabibi harusi wa siku hizi wanataka kitu retro, cha kizamani, picha zinatoka vizuri, weupe na weupe. Mama alikubali kabla hajamaliza, maana bibi harusi ni mjukuu wake. Mimi nilimpeleka kaka, yaya wangu kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, nyuma ya gari, nikamfungulia kofre, nikamwonyesha kopo la buluu la likidi ya breki.

"Yaya, pedali ikishuka, mutie likidi ya frein. Iyi hapa. Si ingine."

Aliitikia kwa kichwa, ule mwitikio wa mtu anayesubiri unyamaze. Kando ya kopo la buluu kulikuwa na galoni ya mafuta ya injini. Hiyo sikuitaja, nani angeuliza.

Gari lilirudi Jumatatu likiwa limepambwa kama maiti ya tajiri. Gundi ya riboni ilikuwa imeganda juu ya boneti pamoja na rangi. Kiti cha nyuma kilipakwa krimu ya keki, na krimu ile ilikuwa imeanza kuchacha. Chini ya kiti cha mbele nilivuta mifupa ya kuku, mmoja, miwili, mitatu, na kitambaa cha mdomo kilichotumika. Ndani kulinuka bia na marashi. Nilisafisha nikiwa nimefunga pua kwa leso, nikitukana peke yangu. Nilipomaliza nikakanyaga breki kupima, pedali ikawa ngumu na ya juu kuliko nilivyoiacha. Nikashukuru angalau kitu kimoja kimerudi salama.

Wiki ile hali ya mama mdogo ikawa mbaya. Alikuwa hali tena, anameza maji kwa kijiko. Watoto wake waliongea na padri, padri akakubali kuja Jumapili baada ya misa kumpa mpako wa wagonjwa. Mama mdogo alituma neno kwamba padri asianze yaya wake hajafika. Mama hakulala vizuri tena. Alitoa kitambaa cheupe cha mezani alichokihifadhi, msalaba wa shaba wa chumbani, na mshumaa, akavifunga pamoja, kwa sababu kwa mgonjwa lazima meza ya padri iandaliwe, na hakuamini kwamba wasichana wa siku hizi wataiandaa inavyotakiwa.

Jumapili tukatoka misa. Mwanzo gari lilienda vizuri. Tulipoishika barabara ya Ruashi nikaanza kuliona zito, kama tunavuta kitu. Nikakanyaga petroli zaidi. Lori za madini zilikuwa zinatupita zikitumwagia vumbi, madereva wanapiga honi. Ndipo harufu ikaingia: breki zinaungua. Ni harufu inayoshika koo, kali, ya kitu ambacho hakikupaswa kuwaka. Niliinua mguu, gari likasimama lenyewe, likakataa kusogea. Magurudumu yote manne yalikuwa yameshikwa.

Nilitandika gazeti, nikalala chini barabarani na nguo zangu za misa. Nikafungua skrubu ya kutoa hewa kwenye gurudumu la mbele nikitegemea likidi safi. Yakatoka makamasi ya kahawia, mazito, ya moto, yakanidondokea kifundoni. Gurudumu likalegea. Ningeweza kuyalegeza yote manne, lakini hapo ningekuwa na gari lisilo na breki kabisa, katikati ya malori, na mama ndani. Nilimpigia kaka, ambaye alikuwa tayari kwa mama mdogo na padri ameshafika.

Kaka alikuja haraka, hilo simnyimi. Alikuja na jeep yake na dereva wake. Walijaribu kumpandisha mama. Dereva alimshika makwapani, kaka akamshika magoti, wakamwinua kama gunia la unga, kikwembe chake cha kiunoni kikafunguka, mapaja yakaonekana mbele ya watu waliokuwa wamesimama kutazama, na wengine walikuwa na simu mikononi. Nyonga ikakataa. Mama hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Munishushe." Wakajaribu mara ya pili, akasema tena, na safari hii sauti yake iliwafanya wamshushe. Tukamrudisha kwenye gari la baba lililokufa. Nilitaka kuwapiga wale wenye simu. 

Padri alikuwa na wagonjwa wengine siku ile, hakuweza kungoja zaidi. Kaka akarudi. Mama akakaa palepale kitini, kifurushi cha kitambaa na msalaba mapajani, rozari mkononi, vumbi la lori likiingia dirishani na kutua juu ya kila kitu. Baadaye wakatuvuta kwa kamba mpaka nyumbani, mimi kwenye usukani unaotoa jasho, yeye nyuma yangu na kifurushi chake. Jioni walitupigia. Mama mdogo amepakwa. Wakati wote alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, na padri alipomaliza, mgonjwa aliuliza, "Yaya iko wapi?"

Kesho yake nilifungua breki zote. Nimeosha watoto, nimeosha wazee, nimemwosha baba siku aliyokufa, na sijawahi kuona kitu cha kuchukiza kama vikombe vile. Vilikuwa vimevimba mara mbili, laini kama nyama iliyosahaulika majini. Nilipovibana kwa vidole vikajimwaga. Mpira wa kifuniko cha chombo cha likidi ulikuwa umekunjamana na kuota mikunjo kama sikio la mzee, haukutoshea tena mahali pake. Nilijaa hasira ya kumwendea yule muuzaji mnene na origine yake ya pili. Nilikuwa nimeshayapanga matusi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, nikanawa uso, nikavaa viatu.

Nilipopita jikoni nikaiona gilasi. Ndani yake kulikuwa na kikombe cha jozi ileile, kutoka nailoni ileile, kimeogelea kwenye likidi tangu siku nilipokinunua. Nikakitoa, nikakilinganisha na kikavu. Vilikuwa sawa. Kigumu, kizuri, hakikuvimba hata kidogo. Nikarudi kwenye gari, nikachovya kidole kwenye chombo cha likidi, nikanusa. Mafuta ya injini.

Nikavua viatu. Nilichukia kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kuchukia, maana yule muuzaji niliyemtaka awe mwongo, mara hii hakudanganya.

Nilimpigia kaka nikiwa nimekaa ngazini. Mikono yangu ilikuwa michafu mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo niliiweka simu juu ya sakafu nikafungua spika. Mama alikuwa barazani nyuma yangu anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamwuliza kaka siku ya harusi nani aligusa breki. Akafikiri. Akasema ndiyo, njiani kutoka kanisani pedali ilishuka kidogo, wakasimama.

"Nikaambia chauffeur atie mafuta."

"Mafuta gani, yaya?"

"Mafuta ya motoka, dada. Mafuta njo mafuta."

 Siku ile alikuwa amevaa suti, alikuwa na wageni kutoka Kinshasa, hakutaka kutamka likidi ya frein kama fundi mbele yao. Akasema lile neno moja tunalolitumia kwa kila kitu kinachoteleza. Mafuta ya kukaanga, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, mafuta ya gari, na yale ya padri. Dereva wake, ambaye hakuwa na kosa zaidi ya kutii, alifungua kofre, akaona galoni kubwa imeandikwa mafuta, akatia. Kaka hakuona cha ajabu. Alisema kwa upole kabisa kwamba shida ni mipira yangu ya kuiga, kwamba gari la ba papa, yaani la baba, lilishakwisha zamani, kwamba kuna mtu wa Karavia, hapahapa mjini, mwenye sehemu ya kunywea, anatafuta gari la zamani la kuweka bustanini watu wapige picha, atakata paa na kupanda maua ndani. Alisema kwa njia hiyo gari litapumzika. Nilizima simu kwa mgongo wa mkono.

 Majani ya sombe yaliendelea kuanguka kwenye beseni, kwa mwendo uleule. Kisha mama akaniuliza gari litapona lini.

Nilirudi kwa yule muuzaji, nikanunua tena origine ya pili, maana hakuna nyingine. Lakini vipuri havikuwa kazi, kazi ilikuwa kuosha. Mafuta yakishaingia kwenye bomba za breki hayatoki kwa kuombwa. Nilisukuma spiriti kwenye kila bomba, ikatoka na mawingu, nikasukuma tena, ikatoka na nyuzi nyuzi kama makohozi. Chumba changu, nywele zangu, madaftari ya wanafunzi, vyote vilinuka. Sikuwa nakula nyumbani, nilikuwa natafuna mkate nimesimama nje. Nilikuwa bado na magurudumu ya nyuma tulipopata habari kwamba mama mdogo amefariki.

Mama alisikia akiwa amekaa kitandani. Alisema, "Sikufika," mara moja, akafunika kichwa kwa kikwembe.

Nilimaliza breki siku ya mazishi asubuhi. Tulienda polepole, mimi nakanyaga pedali kila baada ya hatua chache kuhakikisha, mama pembeni yangu amevaa nyeusi. Njia ile ile, malori yale yale. Tulifika kanisani, tulifika makaburini. Alishuka mwenyewe, mguu mmoja, kisha mwingine, akatupa udongo wake kaburini, akarudi kwenye gari bila kushikwa na mtu.

Kwetu watu wakitoka makaburini hawaingii nyumba ya msiba bila kunawa. Getini Ruashi waliweka beseni kubwa na ndoo ya maji, kila mtu akinawa na kupangusa mikono kwa nguo yake. Kaka alifika kabla yetu. Alikuwa ameshanawa. Aliponiona nasimamisha gari alikuja haraka, akafungua mlango wa mama, akainama na suti yake, akamnyooshea mikono miwili ili amsaidie kushuka mbele ya ukoo wote. Ilikuwa mikono mizuri, kucha zimekatwa, maji bado yanadondoka kwenye saa.

Mama aliitazama. Hakuipokea.

"Nenda unawe."

"Mama, nilishanawa."

"Nawa tena. Iko na mafuta."

Watu waliosimama karibu na geti hawakuelewa, walifikiri ni huzuni ya mama mzee. Kaka alielewa. Aliigeuza mikono yake akaitazama, viganja, kisha migongo. Kisha akarudi kwenye beseni, akasimama nyuma ya watu waliokuwa wanangoja zamu yao.